Kuunganisha spika mbili za Bluetooth zipige stereo ya kweli: shemeji anunue ipi?

Mnazi Mkinda

Wakuu, habari za jioni.

Nina JBL Charge 4, bado nzima, chaji inakaa vizuri. Shemeji yangu yupo Maskati, anarudi mwisho wa mwezi, na kasema nimtajie kitu kimoja aniletee. Nimewaza aje na spika ya pili, nizishikanishe, moja ikae kushoto kwa TV na nyingine kulia. Nataka stereo yenyewe: gitaa lisikike huku, kinanda kule. Sitaki spika mbili zinazoimba kitu kilekile.

Nimeulizia madukani Kariakoo. Mmoja kaniambia chukua Flip 6 au Charge 5, "zote JBL hizo, zinashikana tu". Wa pili akaenda mbali zaidi, kwamba hata isiyo JBL inashika mradi iwe Bluetooth 5. Kabla shemeji hajatoa riali zake, naomba wenye ujuzi mnisaidie.

Kisiki

Naweka mkeka hapa. Swali hilohilo, ila zangu ni zile spika ndogo zisizo na jina.

Fundi Transista

Mnazi, mzuie shemeji kidogo.

Charge 4 haitashikana na Flip 6 wala Charge 5, uzibembeleze unavyotaka. JBL wamebadilisha mfumo wa kuunganisha spika zaidi ya mara moja. Walianza na JBL Connect. Ikaja Connect+, ambayo ndiyo ya Charge 4 yako, pamoja na Flip 4, Xtreme 2, Pulse 3 na Boombox ya kwanza. Baadaye wakaleta PartyBoost: Flip 5, Flip 6, Charge 5, Pulse 4, Xtreme 3, Boombox 2. Matoleo mapya kama Flip 7, Charge 6, Xtreme 4, Clip 5 na Go 4 yamehamia Auracast. Connect+ na PartyBoost hazijuani kabisa, na za Auracast nazo hazishikani na za PartyBoost.

Huna haja ya kukariri majina yote hayo. Ukiwa dukani tazama kitufe cha kuunganisha juu ya spika. Ukiona pembetatu mbili zimegusana ncha, hiyo ni familia ya Connect. Ukiona namba nane iliyolala, hiyo ni PartyBoost. Auracast ina alama yake, haifanani na hizo mbili. Na ukikuta hakuna kitufe chochote cha aina hiyo, kama ilivyo Go 3 na Clip 4, ujue spika hiyo imezaliwa kukaa peke yake.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: spika kushikana si stereo. Ukizishikanisha tu, zote zinapiga sauti ileile. Hiyo ni hali ya sherehe, na kwa PartyBoost JBL wenyewe wanasema unaweza kuunganisha zaidi ya spika 100. Stereo ni ya spika mbili tu, na lazima ziwe za toleo moja. Charge 4 na Flip 4 zitapiga pamoja bila shida, lakini ukifungua programu ya JBL Portable hutapata stereo hapo. Charge 4 mbili, utapata.

Kwa hiyo una njia mbili: shemeji atafute Charge 4 nyingine, au uza hiyo yako uanze upya na jozi ya toleo jipya. Mimi ningefanya la pili. Charge 4 ilitoka 2018, na ukiipata leo dukani ikiitwa mpya, iangalie mara mbili.

Mnazi Mkinda

Duh. Yule wa "zote JBL" angeniliza. Na hili la Bluetooth 5 likoje? Maana jamaa aliongea kwa kujiamini sana.

Fundi Transista

Namba ya Bluetooth inahusu redio: nguvu, umbali, kasi, matumizi ya betri. Haisemi chochote kuhusu spika ya kampuni hii kuelewana na ya kampuni ile.

Mzizi wa yote ni kwamba njia ya kawaida ya kupeleka muziki kwa Bluetooth, inayoitwa A2DP, ilitungwa kwa chanzo kimoja na kipokezi kimoja. Simu inatuma kushoto na kulia kwa pamoja, katika mkondo mmoja, kwenda kwa kifaa kimoja. Haina habari kwamba kuna spika ya pili chumbani. Kwa headfoni ilitosha kabisa. Watu walipoanza kutaka spika mbili, kila kampuni ikabuni njia yake: JBL na hizo nilizotaja, Sony na Party Connect, Ultimate Ears na PartyUp, na viwanda vingi vya China wakatumia jina TWS (True Wireless Stereo, yaani stereo bila waya). Ndiyo maana haziingiliani.

Kwa njia nyingi za zamani, simu inaongea na spika moja tu. Ile spika ndiyo inayobaki na upande wake na kuirushia mwenzake upande mwingine, huku yenyewe ikijichelewesha kidogo ili zianze sawa. Kwa hiyo simu yako ikae karibu na spika ya kwanza. Watu wanaweka simu karibu na ya pili halafu wanalalamika sauti inakatika.

Kamanda wa Besi

Mkuu hapo nakupinga. Samsung yangu inashika spika mbili kwa wakati mmoja, moja Sony nyingine sijui kabila gani, na zote zinapiga. Hakuna cha kitufe wala programu. Wabongo mnapenda kukuza mambo.

Fundi Transista

Kamanda, hiyo inaitwa Dual Audio, Samsung waliileta na Galaxy S8 mwaka 2017. Simu inatuma mikondo miwili, ila yote ina kitu kilekile. Fanya jaribio: tafuta YouTube video ya kupima spika, ile inayotaja kushoto halafu kulia. Sauti ya kushoto itatoka kwenye spika zote mbili.

Na kwa kuwa spika zako ni za kampuni tofauti, kila moja inachelewesha sauti kwa kiasi chake. Simama katikati yake, piga kitu chenye makofi au ngoma kavu, utasikia pa-pa.

Kamanda wa Besi

Nimejaribu. Pa-pa ipo 😂. Lakini besi imeongezeka, msininyime hilo.

Profesa wa Mtaa

Nikiongezea kidogo. Stereo si jambo la jana. Injinia wa Uingereza, Alan Blumlein wa EMI, aliwasilisha hati ya ubunifu wake Desemba 1931. Alichotaka ni kwamba kwenye sinema mtu akitembea kutoka upande mmoja wa pazia kwenda mwingine, sauti yake imfuate. Sikio linatambua upande kwa mambo mawili makubwa, kipi kimefika kwanza na kipi kina nguvu zaidi. Tofauti ya milisekunde moja tu kati ya spika mbili inatosha kuvuta sauti yote upande wa ile iliyotangulia. Ndiyo maana Bluetooth mbili zisizojuana haziwezi kutoa stereo ya maana hata kama kila moja ungeipa upande wake.

Kisiki

Profesa tumekuelewa, ila mimi nataka kujua nibonyeze wapi. Spika zangu ni mbili zinazofanana, boksi limeandikwa TWS. Nikiunganisha ya kwanza na simu inakubali. Nikiunganisha ya pili, ya kwanza inatoka.

Fundi Transista

Kisiki, usiguse simu kwanza. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Ingia kwenye Bluetooth ya simu uzifute zote mbili, kisha zima Bluetooth kabisa. Washa spika zote mbili, ziweke karibu. Sasa kwenye MOJA tu bonyeza kitufe cha TWS. Kama hakipo, mara nyingi ni kile cha kubadilisha modi au cha kucheza na kusimamisha, ama ukibonyeze mara mbili haraka au ukishikilie sekunde chache, inategemea kiwanda. Karatasi iliyo ndani ya boksi ina jibu, ile uliyoitupa. Zitalia mlio au taa ya moja itaacha kupepesa. Hapo sasa washa Bluetooth ya simu. Utaona jina moja tu. Unganisha hilo, la pili usilitafute.

Uliyobonyeza ndiyo inakuwa kuu, na kwa kawaida inachukua kushoto. Ukiona pande zimepishana, badilisha nafasi za spika badala ya kupambana na vitufe.

Kisiki

Imekubali!! Jina moja, zote zinapiga. Ila mkuu, sauti ni ileile kushoto na kulia. Nimeweka sikio kwenye kila moja, mwimbaji yupo kote, magitaa yapo kote. TWS yangu ni ya uongo?

Fundi Transista

Unapiga wimbo gani?

Kisiki

Zilipendwa. Dansi la miaka ya 70, faili nilirushiwa na mzee.

Fundi Transista

Basi usizilaumu spika. Zilipendwa nyingi za miaka ya 60 na 70 zilirekodiwa mono. Bendi nzima mkondo mmoja. Hata ukiziweka kwenye mitambo ya mamilioni, kushoto na kulia vitakuwa mapacha. Weka wimbo wa miaka ya karibuni uliotengenezwa studio vizuri, kisha usisikilize mwimbaji, kwa sababu mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati na atatoka kote hata kwenye stereo safi. Sikiliza vinanda, shekere, waitikiaji. Hao ndio wanaotawanywa.

Kama bado ni kilekile, fungua mipangilio ya simu, ingia Ufikivu, tafuta sauti ya mono. Ikiwa imewashwa, simu inachanganya pande zote mbili kabla hata sauti haijatoka. Wengi wanaiwasha kwa bahati mbaya, au waliwahi kutumia kisikizi cha sikio moja wakaisahau.

Kisiki

Mono ilikuwa imezimwa. Nimeweka wimbo mpya. Aisee. Shekere ipo mlangoni, waitikiaji dirishani. Asante sana mkuu, nimemwita hadi mpangaji mwenzangu aje asikie.

Mwana Tononoka

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa. Tuna arusi ya mpwa wangu, uani kwetu, na nimepata spika nne za PartyBoost za kuazima: Charge 5 mbili na Flip 6 mbili. Je, niweke Charge kushoto kwa stereo na Flip kulia? Wageni ni wengi kiasi, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili.

Fundi Transista

Hatujambo dada, hongereni kwa arusi.

Hapo stereo iache kabisa. Ni kitu cha mtu aliyekaa katikati, umbali sawa na kila spika. Uani hakuna mtu aliyekaa katikati. Ukiweka stereo, wanawake watasikia udi na wanaume watasikia fidla, hakuna atakayesikia taarab nzima. Weka hali ya sherehe, zote nne zipige kitu kizima. Kwa hali hiyo Charge na Flip zinachanganyika vizuri.

Halafu ziinue, zipite vichwa vya watu. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, na mwili wa binadamu umejaa maji, nayo yanameza masafa hayo. Uani ukiwa mtupu mchana utajaribu na kila kitu kitaenda sawa. Wageni wakiingia, spika iliyo chini nyuma ya viti itaanza kukatika.

Profesa wa Mtaa

Na usizitenganishe mno, dada. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita 10 zinakula karibu milisekunde 29. Spika zikiwa sawasawa kwa saa lakini moja ipo mita 20 kutoka kwa mgeni na nyingine ipo pembeni yake, atasikia mwangwi. Bora spika nyingi kwa sauti ya wastani, zikiwa karibu karibu, kuliko mbili zinazopiga kelele toka pembe mbili za uwanja.

Mwana Tononoka

Nimefahamu. Ahsanteni. Nitazitundika kwenye nguzo za tandabelua.

Kamanda wa Besi

Tuongelee feki jamani. Mtaani Charge 5 zimejaa na bei ni kama bure. Unajuaje?

Fundi Transista

Kwa mada yetu hii kuna kipimo rahisi: pakua JBL Portable, washa spika, unganisha. Charge 5 halisi itaonekana na jina lake, na itakupa kusasisha programu ya ndani na kuchagua stereo ukiwa na mbili. Feki haionekani humo. Nyingi zina chipu ya kawaida ya TWS, hivyo kile kitufe chenye nane iliyolala kinaweza kushika feki mwenzake, ila hakitashika halisi hata siku moja. Ukinunua ya pili ili kuoanisha na halisi uliyonayo, nenda dukani na ya kwako mkononi, uzishikanishe palepale kaunta. Muuzaji akikunja uso, umeshapata jibu.

Mshika Risasi

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyetaja waya. Mnazi, Charge 4 yako ina tundu la AUX, lile la kuchomeka waya wa sauti. Charge 5 hawakuliweka. Ukipata spika yoyote ya pili yenye tundu hilo, unaweza kupata stereo bila Bluetooth. Pini ya kawaida ya stereo: ncha ni kushoto, pete ya kati ni kulia, shina ni ethi (waya wa ardhi). Unakata waya, ncha na ethi zinakwenda kwenye spika moja, pete na ethi kwenye nyingine. Dakika chache na risasi kidogo ya kulehemu. Hakuna kuchelewa, hakuna kukatika, na ukiangalia filamu midomo inakwenda na maneno. Bluetooth ya spika mbili kwa TV huwa inachelewa hadi unaona mtu kafunga mdomo ndipo anaongea.

Mnazi Mkinda

Hili nimelipenda, ila spika mbili tofauti si zitakuwa na sauti tofauti?

Mshika Risasi

Zitakuwa. Moja itakuwa na besi zaidi, nyingine kali juu, na picha ya stereo itayumba. Itafanya kazi, haitakuwa tamu. Nakubaliana na Fundi kwamba jozi ya toleo moja ndiyo yenyewe. Mimi nimetoa njia ya asiye na pesa ya jozi.

Mnazi Mkinda

Nimeongea na shemeji. Anaweza kunichukulia Flip 7 mbili badala ya kitu kimoja kikubwa, na hii Charge 4 nitamuuzia jirani. Je, Flip si ndogo kwa sebule?

Fundi Transista

Kwa sebule ya kawaida mbili zinatosha. Na hapa ndipo jozi inapokulipa: spika hizi za umbo la chupa, Flip za karibuni na Charge 5, kila moja kwa ndani ni mono. Hata spika ndogo yenye vipaza viwili, kushoto na kulia vimeachana shubiri moja. Ukikaa kochini mita tatu, sikio halitofautishi. Mbili zilizoachana mita mbili ni kitu kingine kabisa.

Usitegemee sauti kuwa maradufu, lakini. Spika ya pili inakuongezea desibeli 3 hadi 6, na sikio linahitaji kama 10 ili liseme imeongezeka mara mbili. Unachonunua ni upana.

Ziweke kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako. Pima kwa kamba, usikadirie. Sentimita 34 za tofauti ni ile milisekunde moja ya Profesa.

Kisiki

Wakuu nimerudi. Nimeweka kamba na kila kitu, lakini kulia kunasikika hafifu kuliko kushoto. Chaji zimejaa zote.

Fundi Transista

Kwanza angalia palepale kwenye Ufikivu, chini ya ile mono kuna kitelezi cha kugawa sauti kushoto na kulia, kiwe katikati. Kama kipo katikati, badilishanisha spika nafasi bila kugusa simu. Udhaifu ukihama pamoja na spika, ni spika au ni wimbo: ubadilishe wimbo, maana pengine mtu wa studio ndiye aliyeamua hivyo. Kama unabaki upande uleule, usilaumu spika wala wimbo, ni chumba.

Kisiki

Kitelezi kipo katikati. Sasa spika ya kushoto ndiyo ipo kulia, na ni yenyewe iliyokuwa kali, imekuwa hafifu. Nyimbo nne, vilevile.

Mshika Risasi

Huko kulia kuna nini?

Kisiki

Pazia zito, na mkono wa kochi uko mbele yake kidogo. Kushoto ni kona ya ukuta.

Mshika Risasi

Kona inaongeza besi, pazia linameza sauti za juu, na kochi linaziba kilichobaki. Vuta ya kulia ije mbele ya mkono wa kochi, ya kushoto itoe konani kama hatua moja, kisha upime kamba upya.